Taa na setingi za kamera kwa picha za watu studio: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaokuja kujifunza kwenye fremu yetu (chumba cha biashara) ya Sinza, Dar es Salaam, na kwa wale wanaotuma ujumbe saa sita usiku kwa sababu kesho asubuhi wana kazi ya mahafali. Majibu yanachukulia kwamba una kamera ya kubadilisha lenzi na taa moja. Ukiwa na taa nyingi zaidi, soma hivyo hivyo.

Naanza leo. Niweke setingi gani?

Weka kamera kwenye M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, shata (muda ambao pazia la kamera linabaki wazi, kwa sekunde) 1/125, apacha (tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) f/8, rangi ya mwanga 5500 K au ile alama ya flashi. Flashi iwe nusu ya nguvu yake, umbali wa kama mita moja na nusu kutoka kwa mteja. Piga, angalia. Uso ukiungua, punguza nguvu ya flashi. Ukiwa na giza, ongeza nguvu au sogeza taa karibu. Shata iache hapo hapo.

Kabla mteja hajakaa, fanya jaribio moja: zima flashi, piga picha kwa setingi hizo hizo. Picha ikitoka nyeusi tii, maana yake mwanga wa dari na wa mlangoni hauingii kwenye kazi yako, na kila utakachokiona kuanzia hapo ni cha taa yako. Ikitoka na uso wa njano unaoonekana kwa mbali, zima taa za dari au shusha pazia la mlango. Wengi wanahangaika kwenye kompyuta kuondoa unjano ambao ungeondoka kwa kubonyeza swichi ya ukutani.

Mbona nikibadilisha shata, mwanga wa flashi haubadiliki?

Flashi inawaka na kuzima ndani ya muda mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/500 ya sekunde. Shata ikiwa wazi kwa 1/60 au 1/160, mwako wote unaingia vile vile. Kinachoamua mwanga wa flashi ni apacha, ISO, nguvu ya taa na umbali wake. Shata inatawala mwanga mwingine uliopo chumbani: dirisha, taa za dari, skrini ya kompyuta.

Picha yangu ina mstari mweusi chini. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Umepandisha shata kupita kiwango ambacho kamera inaweza kwenda sambamba na flashi. Kwa kamera nyingi kiwango hicho ni 1/200 au 1/250. Ukizidisha, pazia la pili la shata linakuwa limeshaanza kufunga wakati flashi inawaka, na kivuli chake ndicho hicho kimstari. Triga (vifaa vya kuwasha flashi bila waya) za bei rahisi zina kawaida ya kuchelewa kidogo, kwa hiyo ukiona mstari hata kwenye 1/200, shuka 1/160 au 1/125.

Nimeambiwa studio ya kweli ina taa tatu. Nianze na ngapi?

Moja. Na ukae nayo mpaka uichoke.

Anayeanza na taa tatu anapata vivuli vitatu na hajui kipi kimetoka wapi. Anaongeza ya nne kufuta kivuli cha pili, na mwisho uso unakuwa bapa. Shida yake haiwezi kutatuliwa na duka. Taa inapokaa ndiyo picha yenyewe. Setingi zinafuata baadaye.

Zoezi tunalowapa wote wanaokuja ni hili. Mketishe rafiki yako kwenye kiti, kamera kwenye stendi, usiiguse tena. Anza na taa mbele yake kabisa, juu ya lenzi, imeinama kidogo. Utaona kivuli kidogo chini ya pua na kingine chini ya kidevu. Mwanga huu unawapendeza wenye mashavu yaliyochongoka na ndio unaotumika sana kwenye picha za vipodozi. Sasa sogeza taa hatua moja kulia, piga. Hatua nyingine, piga. Fuata kivuli cha pua tu, usiangalie kitu kingine. Kitaanza kutembea kuelekea shavuni. Kikifika mahali kinapogusana na kivuli cha shavu, utaona pembetatu ndogo ya mwanga imebaki chini ya jicho la upande wa giza. Mwanga huo unaitwa wa Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, kwa kuwa nyuso zake nyingi zina pembetatu hiyo. Taa hapo itakuwa kama nyuzi 45 pembeni na juu kidogo ya kichwa. Endelea mpaka nusu ya uso iingie gizani. Kisha rudia mzunguko mzima taa ikiwa chini, usawa wa kidevu, uone jinsi mtu yule yule anavyogeuka wa kutisha.

Kitu cha pili cha kuangalia ni macho. Kila jicho liwe na doa la mwanga, juu, upande taa ilipo. Likikosekana, mtu anaonekana amechoka hata kama anacheka. Basi shusha taa au mwambie ainue kidevu.

Ukishatosheka na upande wa mwanga ndipo ushughulikie upande wa giza, na hapo huhitaji taa ya pili. Karatasi nyeupe ya manila inatosha, au kile kizuia jua cha kioo cha gari cha rangi ya fedha ambacho machinga wanauza kwenye foleni. Kiegemeze kwenye kiti karibu na shavu la giza. Ukikisogeza karibu kivuli kinapungua, ukikirudisha kinarudi.

Taa iwe mbali kiasi gani?

Karibu kuliko unavyodhani. Karibu kiasi kwamba ukiisogeza kidogo zaidi itaonekana kwenye picha.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ulaini. Softiboksi (boksi la kitambaa cheupe linalovikwa taa) ya sentimita 90 ikiwa mita moja kutoka usoni ni chanzo kikubwa, mwanga wake unauzunguka uso na vivuli vinayeyuka taratibu. Softiboksi hiyo hiyo ikiwa mita nne ni kijitaa kidogo tu kwa macho ya mteja, na vivuli vyake vinakatika kama vya jua la saa saba mchana.

Ya pili ni kasi ya mwanga kufifia. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Wapiga picha tunahesabu kwa stopu: stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu, kwa hiyo robo ni stopu mbili. Tuseme ukuta wako mweupe uko mita moja nyuma ya mteja. Taa ikiwa mita moja kutoka usoni, ukuta uko mita mbili kutoka kwenye taa, unapata robo ya mwanga wa uso, na kwenye picha unatoka kijivu kizito. Sogeza taa iwe mita mbili kutoka usoni: ukuta sasa uko mita tatu, unapata karibu asilimia 44 ya mwanga wa uso, na kijivu kinakuwa chepesi. Mteja akisogea mbele, mbali zaidi na ukuta, ukuta unazidi kuzama. Ndiyo maana mtu mwenye ukuta mmoja mweupe anaweza kutoa picha zenye nyuma nyeupe, kijivu na nyeusi bila kununua hata pazia moja.

Ukisogeza taa, kumbuka kurekebisha nguvu. Kutoka mita mbili kuja mita moja umeongeza stopu mbili. Shusha flashi kutoka nusu hadi moja ya nane, mwanga usoni unabaki pale pale.

Napiga wateja wenye ngozi nyeusi, uso unatoka kijivu au unapotelea gizani. Tatizo nini?

Mara nyingi ni matatizo mawili tofauti, na yote yanaanzia kwenye kuiachia kamera ijipimie. Kamera inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Uso mweusi ukijaza picha, inaongeza mwanga na ngozi inapauka. Mtu huyo huyo akisimama mbele ya ukuta mweupe, inapunguza mwanga na uso unazama. Kwa LED (taa inayowaka muda wote) au mwanga wa dirisha jambo hili litakusumbua kila siku usipotumia M. Kwa flashi ya studio unapanga mwenyewe, kwa hiyo usimsingizie mtu.

Lakini hata kipimo kikiwa sahihi, bado kuna jambo ambalo video nyingi za mtandaoni hazilisemi, kwa kuwa zinafundishwa kwa nyuso nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe umbo la uso linachorwa na kivuli. Kwenye ngozi nyeusi linachorwa zaidi na mng'ao: mstari wa mwanga juu ya shavu, kwenye mfupa wa pua, kwenye taya. Kwa hiyo kazi yako ni kuupanga mng'ao huo, usikimbilie kuongeza mwanga. Taa ndogo inaacha vidoa vikali kwenye paji la uso na ncha ya pua. Taa kubwa iliyo karibu inaacha mng'ao mpana na mtulivu. Ipeleke pembeni zaidi kuliko unavyofanya kwa kawaida, kisha sogeza sentimita chache chache huku ukitazama shavu. Kuna mahali utaona mng'ao unashuka kutoka mfupani hadi karibu na kidevu bila kukatika. Funga stendi hapo.

Jasho la Dar nalo linaingia kwenye hesabu. Mteja akitoka juani, mpe dakika kumi za feni na tishu, agandamize, asifute. Poda iwe kidogo na ya rangi yake. Poda nyeupe, na vipodozi vyenye kinga kali ya jua, vinarudisha mwako wa flashi na uso unatoka kama umepakwa majivu ilhali kwenye kioo ulikuwa sawa.

Nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi zitapotea. Hapa ndipo taa ya pili ina maana: iweke nyuma, pembeni, nje ya picha, ielekee kichwani na mabegani, nguvu ndogo. Kama huna, badilisha pazia, tumia la kijivu au la kahawia.

Teknolojia yenyewe ina historia yake katika hili. Kadi za rangi ambazo Kodak, kampuni ya filamu, waligawa kwenye maabara za kusafisha picha tangu miaka ya 1950 zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mashine zikapangwa zimpendeze yeye. Kamera za leo ziko mbali sana na huko. Anayemng'arisha mteja kwenye simu bila kuombwa hana kisingizio cha mashine.

Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe. Uso ukiwa sawa, kanzu inaungua.

Linda kanzu kwanza. Washa lile onyo la kamera linalopepesa sehemu zilizoungua, punguza nguvu ya flashi mpaka kanzu iache kupepesa, kisha ugeuze taa kidogo ili katikati ya mwanga wake ipite usoni na ukingo wake uguse kifua. Kitambaa cheusi kilichoshikwa chini ya taa, upande wa kanzu, kinasaidia kuliko programu yoyote. Joho la mahafali ni kinyume chake: jeusi linameza mwanga, kwa hiyo ongeza karatasi nyeupe chini, magotini, la sivyo mikunjo yote ya joho itapotea na mhitimu atakuwa kichwa kinachoelea.

Miwani inaakisi taa.

Pandisha taa na isogeze pembeni mpaka softiboksi itoke kwenye kioo. Bado ikionekana, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname chini. Kwenye picha haionekani.

Fremu yangu ni ndogo. Ninunue lenzi gani?

Pima chumba kwanza kwa futikamba. Kwa kamera zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo, ambazo ndizo wengi tunaanza nazo, lenzi ya 50mm inahitaji kama mita 2 kupiga mtu kuanzia kiunoni kwenda juu. Lenzi ya 85mm inahitaji kama mita 3 na nusu kwa picha hiyo hiyo. Mtu mzima mpaka miguuni kwa 50mm ni kama mita 5, na hapo hujahesabu nafasi kati ya mteja na ukuta, wala nafasi yako wewe mwenyewe na mgongo wako. Fremu nyingi hazina mita hizo. Kwa hiyo 50mm f/1.8 kwa nusu mwili, 35mm kwa mwili mzima, na 85mm subiri mpaka uhamie pengine.

Usijaribu kutatua ufinyu kwa kumsogelea mteja na lenzi pana. Pua inakua, masikio yanakimbia nyuma. Kinachofanya hivyo ni ukaribu wenyewe. Lenzi pana inakuruhusu tu usogee karibu mno. Kwa picha ya uso, usikae chini ya mita moja na nusu.

Nipake ukuta rangi gani?

Nyeupe au kijivu, isiyong'aa. Ukuta wa kijani au wa pinki unarudisha rangi yake kwenye shavu la mteja, na hiyo hairekebishiki kwa urahisi kwa kuwa ni upande mmoja tu wa uso. Dari pia. Dari ya jipsam bodi iliyo chini na nyeupe inageuka taa ya pili usiyoitaka. Ukitaka vivuli vizito, bandika kitambaa cheusi.

Flashi au LED?

Kwa picha za mnato, flashi. Ina nguvu zaidi kwa bei ile ile, inagandisha mtoto asiyetulia, na haimchomi mteja macho. LED ina faida moja kubwa kwa mwanafunzi: unachokiona ndicho utakachopata, na unaweza kupiga video. Ukitumia LED, tarajia ISO 400 hadi 800, apacha f/2.8 au f/4, shata 1/100. Tafuta yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) 95 kwenda juu, maana za chini ya hapo zinaua wekundu wa ngozi na midomo.

Kuhusu mistari inayopita kwenye picha ukitumia taa za kawaida za umeme: umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/50 au 1/100, mistari itaondoka.

Ringi laiti inafaa kwa video za vipodozi. Kwa picha za watu inaacha pete kwenye macho, na kila mteja anafanana na mwenzake.

Sina taa kabisa. Dirisha linatosha?

Linatosha sana. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, ambaye picha zake leo ziko kwenye makumbusho makubwa duniani, alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa mwanga wa jua uani kwake, huku kitambaa chenye maua kikiwa nyuma ya mteja.

Tahadhari moja: vitabu vya Ulaya vinasifia dirisha la kaskazini kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua linapita kaskazini yetu, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo dirisha lako zuri linabadilika kwa msimu, na la mashariki linafaa mchana, la magharibi asubuhi. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe jepesi.

Umeme, joto na unyevu vinaharibu vifaa?

Vinaharibu. Umeme ukikatika, chomoa flashi za ukutani. Urudi kwanza, utulie, ndipo uchomeke. Flashi ya betri inakuondolea presha ya LUKU kuisha katikati ya kazi, na kwa mawazo yangu ndiyo ya kununua kwanza siku hizi. Flashi iliyoharibika usiifungue mwenyewe hata kama imechomolewa. Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa kuua.

Lenzi zinaota ukungu huku pwani. Zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na pakiti za silika, usiziache kwenye begi la ngozi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa kabla ya kutoa kamera, vinginevyo kioo kitajaa mvuke wakati bibi harusi ameshasimama.

Na feni: isielekee kwenye softiboksi. Weka kiroba kidogo cha mchanga kwenye mguu wa kila stendi.

RAW au JPEG?

RAW (faili ghafi, linalorekebishika sana) kwa kazi ya mtu anayelipa vizuri. JPEG (picha ambayo kamera imeshaikamilisha) kwa picha za pasipoti.

Nanunua vifaa vya mtumba Kariakoo. Niangalie nini?

Nenda na kamera yako, betri zikiwa zimejaa. Flashi ipige mara ishirini mfululizo kwa nguvu moja, usibadilishe kitu. Picha zikitofautiana mwanga, iache. Lenzi iangalie kwa tochi ya simu ukitokea upande wa nyuma, utafute nyuzi nyeupe za ukungu. Flashi za zamani sana usizipachike moja kwa moja juu ya kamera ya kisasa, baadhi zinatoa volti nyingi za kuunguza saketi. Zitumie kwa triga.

Nguvu usiishabikie. Kwenye fremu, flashi ya 200 Ws (wati-sekunde, kipimo cha nguvu ya mwako) inatosha. Kubwa zaidi, zile zisizoshuka chini ya moja ya kumi na sita ya nguvu yake, zitakulazimisha f/11 hata siku unayotaka nyuma ya picha isionekane kwa ukali.

Picha za pasipoti nazo zina ufundi?

Kidogo. Mwanga sawa pande zote, mteja mbali na ukuta ili kivuli kisimwangukie nyuma, masikio na macho wazi, asicheke. Vipimo na rangi ya nyuma fuata maelekezo ya ofisi anakopeleka, maana yanatofautiana, na muulize mteja kabla hujapiga.

Naweza kumweka mteja Instagram bila kumuuliza?

Muulize, na ridhaa yake iwe kwa maandishi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Sisi tuna mstari mmoja chini ya risiti: anakubali au hakubali, anaweka alama na sahihi. Kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi. Wanaokataa si wengi, ila wapo, na wengine wana sababu ambazo hawatakuambia.